Dokta, niongeze vitamini kwenye mbegu ya dume?

Barua za safari hii zimekuja kama mmeambiana, karibu zote zinauliza antioksidanti (vitu vya kuzuia oksijeni isiharibu mbegu) kwenye mbegu za mifugo, kuna walioiona imeandikwa kwenye katalogi na kuna wanaotaka kujichanganyia wenyewe. Nimechukua sita. Ukiona ya mwenzio imejibiwa kirefu kuliko ya kwako usinune, ni kwamba kuna maswali yanabeba mengine.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mi nafuga ng'ombe wa maziwa na napandisha kwa mrija. Muuzaji kaniletea katalogi, kuna mbegu ya kawaida alafu kuna nyingine ya fahali yule yule ila imeandikwa imeongezwa antioksidanti na bei yake imepanda. Hiyo kitu inafanya nini hasa, na je ng'ombe wangu watashika zaidi? – Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Tuanze na mbegu yenyewe. Ule utando unaoifunika mbegu ya dume umejaa mafuta laini, jamii ile ile inayopatikana kwenye mafuta ya samaki, na ulaini huo unaitajika ili mbegu iweze kuogelea, kujipinda na mwisho kuungana na yai. Ubaya wake mafuta ya aina hiyo ndiyo yanayochacha upesi kuliko yote, kama mafuta ya kupikia uliyoyaacha wazi juani, yani oksijeni ikiyapata inayavunja, na kipande kilichovunjika kinaenda kuvunja na jirani yake, ukija kushtuka utando wote umetoboka na mbegu haiogelei tena.

Kwa kawaida mwili una ulinzi wake. Lakini mbegu yenyewe imejibana sana, haina nafasi ndani ya kubeba akiba kubwa ya kujikinga, kwa hiyo inategemea yale maji inayotoka nayo, maji ya mbegu, humo ndo kuna vimeng'enya na vitu vya kuzima oksijeni kali, ile inayovunja mafuta. Sasa sisi tunafanya nini? Tunakinga mbegu (tunaikusanya kutoka kwa dume), tunaizimua na ekstenda (ule mchanganyiko wa kuilinda na kuiongeza wingi), tunagawa bao moja la fahali kwenye mamia ya mirija, kwa hiyo ule ulinzi wa asili nao tumeuzimua. Alafu tunaigandisha hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, tunaiyeyusha, na kila hatua inaumiza. Mwaka 2000 mtafiti Bilodeau na wenzake walipima mbegu za fahali kabla na baada ya kugandishwa na kuyeyushwa, wakakuta glutathioni, ambayo ni moja ya silaha kuu za mbegu dhidi ya oksijeni kali, imeshuka kwa asilimia 78. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kurudishia kilichopotea kwa kuongeza antioksidanti kwenye ekstenda. Wazo lenyewe halina kasoro kabisa.

Ila swali lako lilikuwa watashika zaidi au la. Tafiti nyingi ukizisoma zinakwambia baada ya kuyeyusha, mbegu zinazotembea zimeongezeka, utando uko salama zaidi, uchafu unaotokana na mafuta yaliyochacha umepungua. Hayo yote ni ya chini ya darubini. Ukija kwenye mimba habari inakuwa nyingine, mara nyingine tofauti inaonekana na mara nyingine haionekani kabisa. Na kuithibitisha sio kazi ndogo, piga hesabu, kama mbegu ya kawaida inashikisha ng'ombe 50 kwa kila 100 na unataka kuwa na uhakika kwamba hii nyingine inashikisha 55, unaitaji kupandisha zaidi ya ng'ombe 1,500 kila upande. Wangapi wamefanya hivyo? Kwa hiyo mwenzio akikwambia alijaribu kwa ng'ombe wake wanne wote wakashika, mpe hongera na usibadilishe chochote.

Mi ningemuuliza muuzaji maswali mawili tu: asilimia ya mbegu zinazotembea baada ya kuyeyushwa ni ngapi kwa hizi na ngapi kwa zile, na kuna rekodi za kushika mimba kutoka kwa wafugaji au ni za maabara peke yake. Akibabaika, chukua ile ya kawaida. Fahali ni yule yule, hutakosa kitu kwa ndama.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mwanafunzi niko mafunzoni kwenye kituo cha kuzalisha mbegu, nimepewa mradi wa kuboresha ekstenda yetu kwa antioksidanti. Nimesoma mpaka kichwa kinauma, kuna vitamini E, vitamini C, glutathioni, sisteini, taurini, melatonini, katalasi, na majani ya kila aina. Nianze na ipi na niweke kiasi gani? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kichwa kitaendelea kuuma kama utaanzia kwenye orodha. Anzia kwenye swali la oksijeni kali inatoka wapi kwenye mbegu yenu, ukilijua hilo dawa inajichagua yenyewe.

Hii habari ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. 1943 mtafiti MacLeod alionyesha kwamba mbegu za binadamu zikiwekwa kwenye oksijeni nyingi zinapoteza mwendo, na ukiweka katalasi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi (moja ya hizo oksijeni kali), zinapona. Miaka michache baadaye, 1946 na tena 1950, Tosic na Walton wakaonyesha mbegu za fahali zenyewe zinatengeneza hiyo peroksaidi zikiwa kwenye ekstenda yenye kiini cha yai. Baadaye ikaeleweka zaidi kwamba wachokozi wakubwa ni mbegu zilizokufa, zinaachia kimeng'enya kinachokula asidi amino fulani, na kiini cha yai kinazo, alafu zinatema peroksaidi inayoua walio hai pembeni. Umeona? Maiti zinaua wazima. Kwa hiyo bao lenye vifo vingi tangu mwanzo, au lililoingiliwa na usaha wenye chembe nyeupe za damu, ambazo nazo zinatema oksijeni kali kwa nguvu sana, utamwagia antioksidanti mpaka uchoke, litatupwa tu. Kulikataa mezani ni bora kuliko kulitibu.

Mfano ninaoupenda mi ni wa Nyuzilandi. Wale wana msimu mfupi wa kupandisha, ng'ombe wote wanatakiwa washike ndani ya wiki chache na fahali bora ni wachache, wakatengeneza ekstenda inaitwa Caprogen ambayo mbegu haigandishwi, inakaa joto la kawaida la chumba kwa siku chache, na kila dozi inaweza kuwa na mbegu milioni chache tu wakati mrija wa kugandishwa kwa kawaida unabeba kama milioni 15 hadi 20. Siri yake? Ekstenda inapulizwa naitrojeni ili oksijeni itoke, kiini cha yai kimepunguzwa sana, na imewekwa katalasi. Angalia mpangilio wa akili hapo, kwanza wameondoa oksijeni, wakapunguza chakula cha kile kimeng'enya cha maiti, ndo mwisho wakaweka kitu cha kuzima peroksaidi iliyobaki. Huo ndio utaratibu nataka uufate kwenye mradi wako, chanzo kwanza, antioksidanti baadaye.

Sasa kuchagua. Kila moja ina mahali pake pa kufanyia kazi. Vitamini E ni ya kwenye mafuta, inakaa ndani ya utando wenyewe na kukata ule mnyororo wa kuchacha, ila haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo watu wanaiyeyusha kwanza kwenye ethanoli, na ethanoli yenyewe inaweza kuumiza mbegu, lazima uwe na kundi lililowekewa ethanoli peke yake, usipofanya hivyo hutajua nani kafanya nini. Kuna ndugu yake anaitwa Trolox ambaye anakubali maji. Katalasi inashughulikia peroksaidi tu, haigusi superoksaidi (oksijeni kali ya aina nyingine), hiyo ni kazi ya kimeng'enya kingine kinachoitwa superoksaidi dismutasi, ambacho nacho kikimaliza kazi kinaacha peroksaidi, ndio maana wengi wanaviweka pamoja. Glutathioni na sisteini zinafanya kazi kwenye sehemu ya maji, na zenyewe ndo ningeanza nazo kwenye ekstenda ya Trisi (kemikali ya kutuliza asidi) na kiini cha yai kwa sababu tunajua kwamba glutathioni inapotea kweli kwenye kugandisha, unarudishia kitu kilichopungua. Majani achana nayo kwa mradi wa kwanza. Sio kwamba hayafanyi kazi, ni kwamba dondoo la jani moja lina kemikali kibao, mavuno ya leo na ya mwezi ujao hayafanani, na mwisho huwezi kumwambia mtu arudie ulichofanya.

Kiasi: usinakili namba kutoka kwenye ekstenda ya mtu mwingine. Weka ngazi, kwa mfano sifuri, nusu milimola, 1, 2, na 5, na utaona kitu kinachowashangaza wanafunzi kila mwaka, inapanda alafu inashuka. Sababu ni kwamba mbegu inaitaji oksijeni kali kidogo, ndiyo inayoiamsha kwenye njia ya uzazi ya jike ikomae na iweze kupenya yai. Ukiizima yote umepata mbegu iliyotulia vizuri na isiyoweza kazi.

Na kipimo kisiwe mwendo peke yake. Gawa bao moja kwa makundi yote ili fahali asije akakuchanganyia majibu, tumia mafahali kadhaa, pima mwendo mara baada ya kuyeyusha na tena baada ya masaa kadhaa kwenye nyuzi 37, maana mbegu nyingi zinapendeza dakika ya kwanza zinakufa saa ya pili, pima na utando, na kama maabara yenu inaweza pima malondialdehaidi ambayo ni takataka ya mafuta yaliyochacha.

SWALI: Dokta mi nafuga nguruwe, nakinga mbegu ya dume langu mwenyewe nazimua nawapandishia majike siku hiyo hadi siku ya tatu. Siku ya tatu inakuwa imechoka. Rafiki yangu kaniambia nisage kidonge cha vitamini C nitie kwenye chupa kwa sababu ni antioksidanti. Nitie? – Mfugaji wa nguruwe

JIBU: Usitie.

Kidonge cha kutafuna kina sukari, rangi, ladha, na asidi yenyewe inashusha pH (kipimo cha uasidi, kikishuka asidi imezidi), na mbegu ikikutana na asidi inasimama. Tena vitamini C ina tabia ya kinyonga, ikikutana na chuma au shaba kwenye maji inageuka, badala ya kuzima oksijeni kali inasaidia kuitengeneza. Na hapo nakuuliza wewe, maji unayozimulia ni ya wapi? Kama ni ya bomba au ya kisima, hata yakichemshwa, madini bado yamo, kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakutoi chuma. Tumia maji yaliyotolewa madini kabisa au ya kukenekwa. Ekstenda nyingi za nguruwe za kununua zina EDTA, kazi yake mojawapo ni kuyafunga hayo madini yasilete fujo, kwa maana hiyo tayari una ulinzi ndani ya pakiti.

Mbegu ya nguruwe ina mafuta laini mengi mno kwenye utando, ndo maana baridi inaipiga kuliko ya fahali. Itunze nyuzi 16 hadi 18, friji ya kawaida ya nyumbani inashuka mpaka nne au tano na hapo umeiua mwenyewe alafu unalaumu oksijeni. Jaza chupa mpaka juu au ikamue hewa itoke kabla ya kufunga, weka gizani, maana mwanga nao unachochea huo uchachu. Ekstenda ya muda mfupi ni ya siku mbili tatu tu, ukitaka siku tano au zaidi kuna za muda mrefu, soma pakiti. Alafu angalia usafi, mara nyingi mbegu ya nguruwe inayochoka siku ya tatu ina bakteria, na bakteria hawaogopi vitamini.

SWALI: Habari dokta. Nimejaribu kutunza mbegu ya beberu kwenye ekstenda ya kiini cha yai ile ile tunayotumia kwa ng'ombe, nikaongeza vitamini E kama nilivyosoma, lakini mbegu zinakufa zote tena zinaganda mabonge. Dozi ni ndogo? – Fundi wa maabara

JIBU: Dozi haina kosa, umemkamata mtu asiyehusika. Beberu ana tezi karibu na mrija wa mkojo zinazotoa kimeng'enya kinachokata mafuta ya kiini cha yai, kinachobaki ni sumu kwa mbegu na ndiyo kinachogandisha mabonge. Ukibadilisha ukaweka ekstenda ya maziwa bado hujasalimika, kuna kimeng'enya kingine kwenye maji hayo hayo kinakata mafuta ya maziwa. Suluhisho ni kuosha, unazungusha mbegu kwenye sentrifyuji polepole utoe maji yake ndo uweke ekstenda, au upunguze kiini cha yai kiwe kidogo sana, au utumie lesithini ya soya (mafuta ya soya) badala ya kiini cha yai. Ila kumbuka ukiosha umetupa na antioksidanti zote za asili zilizokuwemo kwenye maji yale, kwa hiyo hapo sasa, baada ya kuosha, kuongeza antioksidanti kunaanza kuwa na maana. Umeanza kazi kwa kinyume tu.

SWALI: Dokta naomba kuuliza, kuliko kuhangaika na mbegu kwenye chupa kwa nini nisimlishe fahali seleniamu na vitamini E moja kwa moja? Nimempa wiki mbili sioni mabadiliko. – Mwenye fahali

JIBU: Wazo zuri tena kwa mtu asiye na maabara ni bora kuliko mengine yote hapo juu. Seleniamu inaingia kwenye kimeng'enya cha kuvunja peroksaidi, na zaidi ya hapo kuna kimeng'enya kimoja cha jamii hiyo ambacho kwenye mbegu iliyokomaa kinageuka kuwa sehemu ya jengo lenyewe la shingo ya mbegu, dume mwenye upungufu mkubwa anatoa mbegu zenye mikia iliyovunjika. Sio kupaka rangi, ni msingi.

Ila wiki mbili! Fahali anatengeneza mbegu kwa siku kama 61, alafu mbegu inapita tena zaidi ya wiki kwenye mirija ya kukomazia. Mbegu unayokinga leo ilianza kutengenezwa zaidi ya miezi miwili nyuma, kabla hujanunua hiyo madini. Nguruwe yeye ni mfupi, kama wiki saba jumla. Kwa hiyo subiri, na usiongeze dozi kwa sababu ya haraka, maana seleniamu pengo kati ya dawa na sumu ni jembamba, ikizidi kwato zinaharibika, nywele zinanyonyoka, na mnyama anaweza kufa. Kama tayari unampa jiwe la madini la kulamba lenye seleniamu usimchome na sindano juu yake bila daktari kujua. Na kama hana upungufu wowote, kumuongezea hakutamfanya kuwa fahali mwingine. Majani mabichi yana vitamini E nyingi, nyasi kavu za muda mrefu zimepoteza, kwa hiyo anayekula nyasi kavu miezi kadhaa ndiye wa kumfikiria kwanza. Na mpe kivuli, joto kali kwenye korodani linaongeza oksijeni kali kuliko unavyoweza kuizima kwa chakula.

SWALI: Dokta mimi ni mhimilishaji. Kuna wenzetu wanasema ukishayeyusha mrija unaweza kuongeza antioksidanti kidogo kabla ya kupandisha ili ipate nguvu. Ni kweli? – Mhimilishaji

JIBU: Kwenye maabara watu wanajaribu kuyeyushia mbegu kwenye mchanganyiko wenye glutathioni, hasa ya nguruwe, na majibu mengine yanatia moyo. Kwa mrija wa ng'ombe uliofungwa nusu mililita au robo, wewe uko zizini, utaiongezea wapi? Utafungua, utaingiza hewa, mwanga, uchafu na baridi, ukitafuta kuokoa mbegu umeziua.

Na hakuna antioksidanti inayoweza kuziba utando uliokwisha kupasuka. Kama mrija ulinyanyuliwa juu ya shingo ya mtungi wa naitrojeni ukakaa huko unatafuta jina la fahali, joto limepanda, vipande vya barafu vimekua upya ndani ya mbegu, ukiurudisha naitrojeni haikurudishii chochote na kwa macho hutaona tofauti. Kwa hiyo jua mrija uko kwenye kikapu kipi kabla hujafungua mtungi, kikapu kibaki chini ya shingo, kama hujaupata ndani ya sekunde nane hivi shusha kipoe uanze tena. Maji ya kuyeyushia nyuzi 35 hadi 37, yapime kwa kipimajoto sio kwa kidole, sekunde 30 hadi 40, futa mrija ukauke kabisa maana tone la maji linaua mbegu, pasha moto bunduki ya kupandishia kwa kuisugua, weka kifuani chini ya nguo ukitembea kwenda kwa ng'ombe, na ndani ya dakika 15 mbegu iwe imefika kwenye mwili wa kizazi. Usiyeyushe mirija mitano kwa sababu kuna ng'ombe watano, yeyusha unaoweza kuumaliza sasa hivi. Na kabla ya yote hayo pima naitrojeni kwenye mtungi kwa kijiti, kila wiki, uandike, ukiona inashuka haraka kuliko kawaida yake hamisha mirija siku hiyo hiyo.